Manabii, Hekalu na Wakristo wa Kwanza

Manabii wa Israeli waliacha maneno ya aina mbili kuhusu ibada ya hekaluni, na aina hizo hazipatani kirahisi. Kwa upande mmoja, Amosi, Hosea, Isaya, Mika na Yeremia wanamtangaza Mungu aliyechoshwa na sadaka za kuteketezwa, asiyetaka kusikia nyimbo wala kuona sikukuu za watu wanaodhulumu maskini na kupindisha hukumu. Kwa upande mwingine, Hagai na Zekaria wanawahimiza watu waliorudi kutoka Babeli wajenge upya hekalu ambalo Nebukadreza alilibomoa mnamo mwaka 586 KK. Ezekieli anaonyeshwa hekalu jipya katika maono yanayochukua sura tisa, malango na nyua zikipimwa dhiraa kwa dhiraa. Malaki naye anawakaripia makuhani kwa kuleta madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Nabii anayeghadhibika kwa sababu ya mnyama kilema si mtu anayetaka sadaka zikome. Anataka zitolewe ipasavyo. Hata Yeremia, aliyesimama langoni kuonya kwamba nyumba hiyo ingepatwa na yaliyoipata Shilo, mahali patakatifu pa kale palipoangamizwa, alitoka katika jamaa ya makuhani wa Anathothi.

Wakristo wa karne nne za kwanza walirithi maneno hayo yote na hawakuyasoma kwa namna moja. Kilichobadilisha usomaji wao kuliko mabishano ya wasomi kilikuwa hali ya hekalu lenyewe: kwanza lilikuwa limesimama, kisha likateketea, kisha pakabaki magofu ambayo Kaisari mmoja alitaka kuyajenga upya. Aya walizozitegemea zilikuwa chache na zilezile. Mzigo waliozitwika ndio uliobadilika.

Kizazi cha kwanza kilikuwa cha Wayahudi, na hekalu walilolijua lilikuwa la pili, lililokamilika mnamo mwaka 515 KK na kupanuliwa na Herode Mkuu kuanzia mnamo mwaka 20 KK. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinawaonyesha Petro na Yohana wakipanda hekaluni saa ya sala, na Paulo akiwagharimia watu wanne waliokuwa na nadhiri ili sadaka zao zitolewe. Watu hao hawakudhani kwamba Amosi au Isaya alikuwa ameifuta madhabahu. Walichokiona kwa manabii kilikuwa onyo.

Ndivyo inavyosomeka habari ya Yesu kuwafukuza wafanyabiashara. Katika Injili ya Marko anaunganisha manabii wawili: Isaya sura ya 56, inayotazamia nyumba ya Mungu kuwa nyumba ya sala kwa mataifa yote, na Yeremia sura ya 7, inayoiita nyumba hiyo pango la wanyang'anyi. Msomaji wa leo hufikiri mara moja juu ya bei za njiwa na faida ya wabadili fedha. Lakini kwa Yeremia pango si mahali pa kuibia. Ni mahali mwizi anapokimbilia baada ya kuiba, akijiona salama. Shtaka ni kwamba watu walitenda uovu mjini kisha wakalifanya hekalu kuwa maficho yao. Marko ameizungushia habari hiyo kisa cha mtini uliolaaniwa na kunyauka, na kwa mpangilio huo anadokeza kuwa onyo limekaribia kuwa hukumu.

Mathayo anamtegemea Hosea, pale nabii anapoweka rehema mbele ya dhabihu. Neno hilo analitia mara mbili kinywani mwa Yesu: mara moja wakati Yesu analaumiwa kwa kula pamoja na watoza ushuru, na mara nyingine wanafunzi wanapolaumiwa kwa kuvunja masuke siku ya sabato. Katika mazingira hayo yote mawili hapajadiliwi kukomeshwa kwa sadaka. Hosea mwenyewe alikuwa anapanga kipi kizito kuliko kingine, na Mathayo anamfuata katika mizani hiyohiyo.

Wakristo hawakuwa peke yao katika kutafuta hekalu pasipo mawe. Jamii iliyoishi Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, ambayo magombo yake yalianza kugunduliwa mwaka 1947, ilikuwa imejitenga na makuhani wa Yerusalemu kwa kuwaona wamenajisika. Kanuni yao inaifundisha jumuiya kujiona kuwa nyumba takatifu inayoipatia nchi upatanisho, sala na mwenendo mnyofu vikichukua nafasi ya nyama za dhabihu. Hata hivyo waliendelea kusubiri hekalu la kweli litakaloendeshwa kwa taratibu zao. Kwa hiyo Paulo alipowaandikia Wakorintho, katikati ya miaka ya 50 BK, kwamba wao ni hekalu la Mungu, hakuwa ameanzisha wazo jipya kabisa. Upya ulikuwa katika watu alioambatanisha nao wazo hilo: kusanyiko la bandarini, wengi wao watu wa mataifa, maarufu zaidi kwa magomvi yake kuliko kwa utakatifu. Waraka wa pili kwa Wakorintho unasuka pamoja maneno ya Walawi, Ezekieli na Isaya kuthibitisha kwamba ahadi ya Mungu kukaa kati ya watu wake imetimia katika kusanyiko la namna hiyo. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa bado linafuka moshi wa sadaka asubuhi na jioni.

Sauti kali zaidi ya kipindi hiki ni ya Stefano katika Matendo sura ya 7. Anamtaja Amosi, aliyeuliza kama Israeli walimtolea Mungu dhabihu miaka arobaini jangwani, kisha anamalizia kwa Isaya sura ya 66, ambapo Mungu aliye na mbingu kama kiti chake anauliza ni nyumba gani watu wataweza kumjengea. Wataalamu wengi huamini kuwa Luka, mwandishi wa Matendo, aliandika baada ya hekalu kuanguka, na hotuba hiyo ina ladha ya mtu anayejua mwisho wa kisa. Ila Isaya hakusema nyumba isijengwe. Alikanusha dhana kwamba Mungu anaweza kuwekwa ndani ya nyumba, jambo ambalo sala ya Sulemani wakati wa kuliweka wakfu hekalu la kwanza ilikwisha kulikiri.

Waraka kwa Waebrania unakwenda njia nyingine. Mwandishi wake, asiyejulikana, ananakili kutoka Yeremia sura ya 31 kifungu kirefu kuliko chochote kingine cha Agano la Kale kinachonukuliwa katika Agano Jipya: ahadi ya agano jipya litakaloandikwa mioyoni. Kwake, ibada ya makuhani ilikuwa kivuli cha mambo ya mbinguni, na kifo cha Kristo ni sadaka moja iliyotolewa mara moja tu. Waraka huu uliojaa damu, pazia na makuhani haulitaji hata mara moja hekalu la Herode. Unazungumzia hema ya Musa jangwani pekee, na kwa sababu hiyo wataalamu bado wanabishana kama uliandikwa kabla au baada ya mwaka 70.

Agosti mwaka huo wa 70 BK, askari wa Kirumi wa Tito waliliteketeza hekalu. Kuanzia hapo makundi mawili yalikaa na manabii walewale mkononi yakiuliza swali lilelile: mtu anamwabudu vipi Mungu wa Israeli bila madhabahu? Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba rabi Yohanan ben Zakkai alimfariji mwenzake aliyekuwa akililia magofu kwa kumkumbusha Hosea: matendo ya huruma yanaleta upatanisho sawa na ule wa madhabahu. Ni aya ileile ya Mathayo, na inatumika kwa namna inayokaribiana sana na ya Mathayo. Baadaye njia zilitengana. Marabi walizihifadhi sheria za sadaka kwa uangalifu mkubwa, na Mishna, iliyokamilishwa mnamo mwaka 200, ina sehemu nzima kuhusu vitu vitakatifu vya hekalu lisilokuwepo. Wakristo walianza kusema kuwa kuanguka kwenyewe ndiko tafsiri sahihi ya manabii.

Katika maandishi ya kipindi hiki, Ufunuo wa Yohana ndio uliomsoma Ezekieli kwa ustadi mkubwa zaidi. Mwandishi anachukua karibu kila kitu kutoka maono ya Ezekieli: mlima mrefu, mwanzi wa kupimia, malango kumi na mawili yenye majina ya makabila, mto wenye miti ya uponyaji kingoni. Anachokiacha ni nyumba yenyewe, ambayo kwa Ezekieli ndiyo kiini cha maono. Anasema waziwazi kwamba hakuona hekalu mjini, kwa kuwa Mungu na Mwanakondoo ndio hekalu lake. Vipimo vya mji vinaeleza sababu. Urefu, upana na kimo chake ni sawa, na chumba maarufu chenye umbo hilo katika Maandiko ni Patakatifu pa Patakatifu pa Sulemani, dhiraa 20 kila upande. Mji wote umefanywa kuwa chumba kile ambacho kuhani mkuu aliingia siku moja tu kwa mwaka. Hapo ibada ya hekalu haijakataliwa. Imepanuliwa mpaka imekosa kuta.

Waraka wa Barnaba, ulioandikwa kati ya mwaka 70 na miaka ya 130, hauna subira ya namna hiyo. Unapanga Isaya sura ya 1 na Yeremia sura ya 7 mbele ya msomaji na kutangaza kuwa Mungu hakuwahi kutaka sadaka za wanyama. Unadai kwamba Wayahudi walielewa kimwili yale yaliyokusudiwa kiroho, na wakalitumainia jengo karibu kama mataifa wanavyozitumainia nyumba za miungu yao. Hekalu la kweli, unasema, ni moyo wa mwamini. Huu ndio usomaji mkali kuliko wote wa wakati huo, na ndio dhaifu kuliko wote, kwani unawageuza manabii kuwa wageni katika taifa lao wenyewe. Tofauti inaonekana ukiulinganisha na waraka wa Klementi wa Roma wa mnamo mwaka 96. Klementi anazitaja sadaka za Yerusalemu, nyakati zake na mahali pake, kama mfano mzuri wa utaratibu, na anaandika kana kwamba bado zinatolewa, akitaka Wakorintho waige nidhamu hiyo kanisani. Ndivyo Wakristo walivyokuwa bado wakitofautiana.

Aya iliyokuja kubeba uzito kuliko zote ni ya Malaki, sura ya 1. Akiwakaripia makuhani wa wakati wa utawala wa Uajemi, nabii anasema kwamba tangu maawio ya jua hata machweo jina la Mungu ni kuu kati ya mataifa, na kila mahali uvumba na sadaka safi hutolewa kwa jina hilo. Hata ndani ya Malaki aya hii ni ngumu. Haieleweki wazi kama anasema juu ya Wayahudi waliotawanyika, juu ya mataifa yenyewe, au juu ya siku zijazo. Kwa kanisa lililoenea bandari hadi bandari bila madhabahu ya kati, ilionekana kama barua iliyoandikwa kwa anwani yake.

Didake, mwongozo mfupi wa kanisa ambao kwa kawaida huwekwa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, unamtumia Malaki kwa upole. Watu wanaokusanyika Siku ya Bwana kuumega mkate waungame kwanza, na wawili waliokosana wasijiunge mpaka wapatane, ili sadaka yao isinajisike. Hakuna neno dhidi ya Wayahudi hapo. Malaki anabaki kuwa alivyokuwa: mkali kwa wale waliosogea madhabahuni wenyewe.

Yustino, aliyezaliwa Flavia Neapolis, Nablus ya leo, na kuuawa Roma mnamo mwaka 165, aliigeuza aya hiyo kuwa hoja ya mashindano. Katika Mazungumzo na Trifo, kitabu cha mnamo mwaka 160, sadaka safi ya mataifa ni mkate na kikombe cha Ekaristi. Sadaka za wanyama ziliamriwa kwa sababu ya ugumu wa mioyo, baada ya ndama wa dhahabu, ili watu wasizipeleke kwa sanamu. Ushahidi wake ni Amosi na Yeremia. Yustino ni mwungwana wa kutosha kueleza jibu la upande wa pili, wa Trifo Myahudi: kwamba Malaki alizisifu sala za Wayahudi waliokuwa ugenini. Jibu hilo lina nguvu kuliko anavyokubali. Tena Yustino huyuhuyu, anayesema Mungu hahitaji nyumba, anakiri katika kitabu hichohicho kuwa anatazamia Yerusalemu ijengwe upya na kupambwa kwa miaka elfu, kama Isaya na Ezekieli walivyotangaza. Aliwasoma manabii kiroho walipozungumzia madhabahu, na kwa maana ya wazi walipozungumzia mji.

Sababu iliyowafanya Wakristo wasiwaache manabii hao wenye maneno magumu ni Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma mnamo mwaka 144. Yeye aliyachukua maandiko ya Kiebrania kama yalivyo, akakubali kwamba manabii walisema juu ya hekalu halisi na mfalme halisi, na kwa sababu hiyohiyo akayakataa kama maandiko ya mungu mwingine. Ireneo wa Lyon, akiandika mnamo mwaka 180 dhidi ya Marcion na Wagnostiki, alihitaji njia ya kuwabakiza manabii bila kuirudisha madhabahu. Alisema kwamba utoaji wa sadaka haukukataliwa, ila namna yake ilibadilika. Kanisa linatoa mkate na divai, mazao ya ardhi, na kwa kufanya hivyo linakiri kuwa aliyeumba ardhi ni Mungu mwema. Malaki akawa mtetezi wa ngano na zabibu. Si wote waliomfuata. Tertuliano wa Kartago, miongo michache baadaye, aliifasiri sadaka safi kuwa ni sifa na sala itokayo katika dhamiri safi.

Katika karne ya 3 Origene, aliyefundisha Aleksandria na kisha Kaisaria ya Palestina, alilipa jambo hili mpango wa kitaaluma. Mahubiri yake juu ya Walawi yanatafuta maana ya kiroho ya kila dhabihu. Katika ufafanuzi wake wa Injili ya Yohana, pale Yesu anapolinganisha mwili wake na hekalu litakalosimamishwa siku ya tatu, anaijumuisha mifupa mikavu ya Ezekieli: kanisa lote ni mwili uliotawanyika utakaounganishwa tena. Wakati huohuo lugha ya hekalu ilikuwa inarudi kanisani kwa mlango mwingine. Siprian, askofu wa Kartago katikati ya karne hiyo, aliandika kwa kawaida juu ya kuhani, madhabahu na dhabihu, akiwa na maana ya askofu, meza na Ekaristi. Nusu karne kabla yake, Minucius Felix alikuwa bado anawatetea Wakristo mbele ya Warumi kama watu wasio na mahekalu wala madhabahu.

Amani ambayo Kaisari Konstantino aliwapa Wakristo iliukamilisha mzunguko huo. Kanisa kubwa la Tiro lilipozinduliwa mnamo mwaka 315, Eusebio wa Kaisaria alihutubu akimfananisha askofu aliyelijenga na Sulemani na Zerubabeli, wajenzi wa hekalu la kwanza na la pili, na akalitumia neno la Hagai kwamba utukufu wa nyumba ya mwisho utaipita ile ya kwanza. Karne moja na nusu baada ya Barnaba na Yustino kulichukulia jengo la mawe kuwa ishara ya kutoelewa, Hagai alisomwa juu ya mawe tena, safari hii ya kanisa. Kanisa la Kaburi Takatifu, lililowekwa wakfu Yerusalemu mwaka 335, Eusebio alilieleza kama Yerusalemu mpya iliyoielekea ile ya kale, akidokeza kuwa pengine ndiyo manabii waliyoitabiri. Uwanja wa hekalu ulibaki magofu, na magofu hayo yalikuwa sehemu ya hoja.

Hapo inaeleweka hofu iliyozuka mwaka 363. Kaisari Juliano, aliyelelewa katika Ukristo na kisha kuuacha, aliagiza hekalu la Yerusalemu lijengwe upya. Kazi ilisimama upesi. Ammianus Marcellinus, mwanahistoria asiyekuwa Mkristo, aliandika kuhusu miali ya moto iliyolipuka karibu na misingi na kuwafukuza mafundi. Juliano aliuawa vitani dhidi ya Waajemi mwezi Juni mwaka huohuo. Waandishi Wakristo walilishangilia tukio hilo kwa sauti kubwa, na sauti hiyo ilipima ukubwa wa hatari waliyoihisi: kwa miaka 300 walikuwa wamejenga hoja juu ya jengo lililoanguka, na jengo likisimama hoja nayo ingeyumba. Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia mwaka 386 na 387, alimtumia Danieli kuthibitisha kuwa hekalu halitarudi kamwe. Aliowalenga hasa walikuwa Wakristo waliopenda kuhudhuria sikukuu za sinagogi, lakini ukali wa maneno yake uliwaumiza Wayahudi kwa karne nyingi baadaye.

Sura za mwisho za Ezekieli ndizo zilizobaki ngumu kuliko zote, kwa sababu mpango wenye dhiraa, vyumba vya makuhani na meza za kuchinjia haupotei kirahisi ndani ya fumbo. Yeronimo alipofika kwenye sura ya 40, akiwa Bethlehemu katika miaka iliyofuata kutekwa kwa Roma mwaka 410, alikumbuka jinsi alivyokuwa akishuka utotoni katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, akipapasa gizani. Aliwapinga Wayahudi, na pamoja nao Wakristo wenzake waliotazamia hekalu hilo lijengwe kweli Yerusalemu, na akalieleza kipimo kwa kipimo kuwa ni kanisa. Kwamba ilimbidi kubishana na Wakristo wenzake zaidi ya miaka 340 baada ya moto wa Tito kunaonyesha kuwa usomaji wa kiroho, ingawa ulishinda mimbarini, haukuwahi kuwa pekee.